Mtoto Asiyetambaa Hajigongi

Ni saa sita usiku. Mama anaingia chumba cha dharura akiwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Mtoto anakohoa, mwili unachemka. Benchi limejaa: kijana wa bodaboda mguu umemvimba, mzee anahema kwa shida, na tabibu wa zamu yuko peke yake. Muuguzi anafungua kanga ili ampime mtoto joto kwapani, na hapo nyuma ya sikio la kushoto anaona alama nyeusi inayoelekea zambarau, ukubwa wa punje ya maharage. Anauliza ni nini. "Alijigonga kitandani," mama anajibu. Dawa ya homa inatolewa, mtoto anarudi mgongoni, mama anatokomea gizani.

Msimulie kisa hiki yeyote aliyewahi kushika zamu ya usiku, hatakishangaa. Lakini hebu tukitazame tena taratibu. Mtoto wa miezi mitatu kwa kawaida hajui kugeuka mwenyewe, seuze kutambaa. Ukimlaza chali saa mbili, saa nne utamkuta chali. Atajigonga vipi? Na nyuma ya sikio, mahali palipojificha kati ya kichwa na bega, patagongwa na nini? Alama ile ama imetiwa na mkono wa mtu, ama imetokana na damu isiyoganda sawasawa. Yote mawili ni ya dharura, na yote mawili yalitoka mlangoni usiku ule pamoja na chupa ya dawa ya homa.

Makala haya ninamwandikia muuguzi yule, tabibu mwenzake, na daktari kijana aliyepangiwa zamu katika hospitali ya wilaya. Mzazi, mwalimu na jirani nao wasome, maana mtoto hupita mikononi mwao kabla hajafika hospitali. Ninalotaka kusema ni moja: alama ndogo isiyo na maelezo yanayoingia akilini ndiyo nafasi bora ya kumwokoa mtoto, na mara nyingi nafasi hiyo haiji mara mbili.

Ufa kabla ya ukuta

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Utafiti wa kitabibu umewaunga mkono. Mwaka 2013 daktari wa watoto Lynn Sheets wa Milwaukee, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wachanga 200 waliothibitika kuumizwa kwa makusudi. Asilimia 27.5 kati yao walikuwa na jeraha dogo lililoonekana kabla: alama ya damu kuvilia au kidonda ndani ya mdomo. Katika kundi jingine la watoto 101 ambao ilithibitika hawakudhuriwa na mtu, hakuna hata mmoja aliyekuwa na jeraha la namna hiyo. Ufa ulionekana mapema, na walioutazama walidhani ni mchoro ukutani.

Miaka 14 kabla ya hapo, mwaka 1999, Carole Jenny na wenzake waliwachunguza watoto 173 wa jimbo la Colorado walioumizwa vichwa kwa kupigwa au kutikiswa. Watoto 54 walikuwa wamemwona daktari baada ya kuumizwa, na daktari akawapa jina la ugonjwa mwingine: mafua ya tumbo, homa, jeraha la ajali. Jambo la kujifunza hapo ni hili: waliokosewa zaidi walikuwa watoto wa familia za wazungu na wale ambao baba na mama waliishi pamoja. Daktari aliitazama familia, akaiona ya heshima, akaacha kumtazama mtoto. Kwetu hali haiko mbali na hiyo. Gari zuri nje ya lango, kanzu safi, Kiingereza cha ofisini, cheo cha mzazi, vyote hivyo huwafunga watu macho. Kwa upande mwingine, kanga iliyochakaa humfanya mama maskini ashukiwe kabla hajafungua kinywa. Makosa hayo mawili yana dawa moja: mtazame kila mtoto kwa utaratibu uleule.

Mambo haya si mageni katika tiba. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa picha za eksirei jijini New York, aliandika kuhusu watoto sita waliokuwa na damu iliyoganda ndani ya fuvu pamoja na mifupa mirefu iliyovunjika mahali 23. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake wa Denver wakalipa tatizo hilo jina na kuwalazimisha madaktari wa dunia kulikabili. Leo hatuna udhuru wa kusema hatukujua.

Maswali manne ya kujiuliza kabla ya kuandika dawa

La kwanza: je, umri wa mtoto unaruhusu kisa hiki? Watoto wengi hugeuka wenyewe kati ya miezi minne na sita, hutambaa kati ya saba na kumi, na husimama kwa kushika viti kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto wa miezi miwili hawezi "kuanguka mwenyewe" kutoka katikati ya kitanda kipana, wala wa miezi mitano hawezi kupanda beseni la maji moto.

La pili: je, jeraha linalingana na kisa? Kuanguka kutoka kitandani kwa kawaida huleta nundu kichwani na kilio cha dakika chache. Ukiambiwa "aliteleza sebuleni" na mbele yako kuna mtoto asiyejitambua na mbavu zilizovunjika, kisa hicho hakitoshi.

La tatu: je, kisa kinasimama mahali pamoja? Mama alimwambia karani wa mapokezi kwamba mtoto alianguka asubuhi. Kwa muuguzi ikawa jana jioni. Baba akipigiwa simu, anasema mtoto alikanyagwa na kaka yake. Mtu aliyehamaki anaweza kuchanganya saa, na hilo si dhambi. Lakini kisa kinachobadilika kila kinaposimuliwa, au kisichokuwepo kabisa ("tumeamka tu tukamkuta hivi"), kiandike kama kilivyo na ukitilie maanani.

La nne: je, walichelewa, na kwa nini? Hapa nenda polepole. Nchini kwetu Tanzania watu huchelewa kwa sababu ya nauli, mvua, kivuko, au kwa kuwa walipitia kwanza kwa mganga. Uliza sababu kabla ya kuhukumu. Mtoto aliyeungua tangu Jumatatu akaletwa Alhamisi na watu wanaokaa jirani na kituo cha afya ni habari nyingine.

Ramani ya mwili

Watoto wanaocheza huumia. Mtoto wa miaka mitatu asiye na alama hata moja kwenye muundi ni mtoto aliyefungiwa ndani. Alama za mchezo hukaa mbele ya mwili na juu ya mfupa: magoti, muundi, viwiko, kipaji cha uso, kidevu. Hapo ndipo mtu anayeanguka hutangulia kugusa ardhi.

Mahali pa kutia shaka ni pale palipojaa nyama au palipojificha. Mwaka 2021 Mary Clyde Pierce na wenzake walichapisha kanuni waliyoijaribu kwa watoto zaidi ya 2,000 walio chini ya miaka minne katika idara tano za dharura za watoto nchini Marekani. Kwa lugha yetu tunaweza kuishika hivi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka minne, damu iliyovilia kwenye kiwiliwili (kifua, tumbo, mgongo, makalio, sehemu za siri), masikio au shingo inahitaji uchunguzi. Usoni, tazama kijinyama kinachounganisha mdomo na ufizi, pembe ya taya, nyama ya shavu, kope, na weupe wa jicho. Alama yenye umbo la kitu inahesabika popote ilipo. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi mitano, damu iliyovilia mahali popote mwilini, hata kidogo namna gani, inahesabika.

Kanuni hiyo iliwanasa watoto 95 katika kila 100 walioumizwa kwa makusudi. Katika kila watoto 100 walioumia kwa ajali, 87 iliwapita salama. Maana yake, wapo walioumia kwa ajali ambao nao watanaswa. Kwa hiyo ishara hizi zinakuambia "chunguza", hazikuambii "mkamateni".

Yako mambo mawili ambayo vitabu vingi vya nje huyapitia juu juu, nasi hatuwezi kuyaacha. Kwanza, ngozi yetu nyeusi huficha damu iliyovilia. Usitegemee kuona wekundu. Sogeza taa, au toka na mtoto kwenye mwanga wa dirisha. Linganisha upande mmoja wa mwili na wa pili. Papasa kwa upole uhisi uvimbe, joto, au mahali mtoto anapokunja uso. Pili, usijaribu kutaja umri wa alama kwa rangi yake. Imani kwamba ya buluu ni ya leo na ya njano ni ya wiki jana haina msingi wa kuaminika, na ukiisema mahakamani itavunja ushahidi mzuri uliokuwa nao.

Vitu huacha sahihi zao

Waya wa umeme uliokunjwa huacha kitanzi, kama herufi U iliyorefuka. Fimbo nyembamba huacha mistari miwili sambamba na njia nyeupe katikati, kwa kuwa damu husukumwa pembeni. Mkanda huacha mstari mpana, pengine na umbo la kifungo chake. Kofi huacha vidole. Kamba huacha pete kwenye kifundo cha mkono au mguu. Meno ya mtu mzima huacha duara pana kuliko ya mtoto mwenzake. Ukiona umbo, lipime kwa rula na ulichore.

Mtoto aliyechapwa sana mgongoni, makalioni na mapajani ana hatari nyingine isiyoonekana. Misuli iliyopondwa humwaga sumu kwenye damu na figo zinaweza kuziba. Muulize amekojoa lini na mkojo una rangi gani. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya kipigo ni dharura: mpe maji ya mishipani, pima figo, mlaze. Asiambiwe "ni viboko tu" akarudishwa nyumbani.

Moto na maji moto

Jikoni kwetu jiko la mkaa hukaa chini, na sufuria ya uji iko usawa wa mkono wa mtoto. Watoto wengi huungua kwa bahati mbaya, na wazazi wao hufika wakiwa wamechanganyikiwa kwa uchungu. Mtoto aliyevuta sufuria huungua kidevu, shingo, bega na kifua. Jeraha huwa pana juu na hupungua likishuka, kingo zake hazina mpangilio, na matone yametapakaa huku na kule.

Mtoto aliyetumbukizwa kwa nguvu ana sura nyingine. Mstari wa kuungua umenyooka kama ukingo wa soksi au glovu, pande zote mbili sawa, bila matone. Mikunjo ya goti na nyonga imesalimika kwa sababu aliikunja kwa woga. Katikati ya makalio pengine pana duara lililosalimika, pale alipokandamizwa kwenye kitako cha beseni. Mtoto anayeingiza mguu mwenyewe kwenye maji moto huuchomoa papo hapo. Hawezi kuingiza wa pili akausubirisha.

Tazama pia mikono. Mtoto anayeshika kaa la moto huungua kiganja na ncha za vidole. Kuungua mgongo wa mkono, au viganja vyote viwili kwa kina sawa, kumeshapata kuwa "adhabu" ya mtoto aliyedokoa sukari au mboga. Sigara huacha kidonda cha duara chenye upana wa kama milimita 8 hadi 10, chenye ukingo uliokatika vizuri. Pasi na kijiko cha moto huacha umbo lake kamili.

Mifupa, kichwa na tumbo

Mifupa ya mtoto mchanga haivunjiki kwa kubebwa. Paja lililovunjika kwa mtoto asiyetembea, mbavu zilizovunjika upande wa nyuma karibu na uti wa mgongo, vipande vidogo vilivyomeguka kwenye ncha za mifupa mirefu, na mivunjiko ya nyakati tofauti, vyote hivyo ni vya kushtua. Mbavu za nyuma huvunjika mtu mzima anapokamata kifua cha mtoto kwa mikono miwili na kukibana. Picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Ukiwa na shaka, irudie baada ya wiki mbili, mfupa unapoanza kuunga. Mtoto aliye chini ya miaka miwili mwenye jeraha la kutia shaka apigwe picha za mifupa yote, au apewe rufaa kwenda panapowezekana. Kwa upande wa pili, mtoto anayeanza kutembea huweza kuvunja mfupa wa muundi kwa kujipinda tu akiteleza. Hilo ni la kawaida.

Kichwa ndicho kinachoua, na mara nyingi hakina alama nje. Mtoto mchanga anatapika bila kuharisha, analia kilio kisichotulizika au amelegea, ananyonya kwa shida, anapata degedege bila homa, au anasitisha pumzi. Kabla ya kuandika malaria kali au homa ya uti wa mgongo peke yake, gusa utosi. Utosi uliotuna na kukaza kwa mtoto aliyetulia, mzingo wa kichwa unaokua kasi kuliko kadi ya kliniki inavyoonyesha, na weupe wa ghafla wa viganja ni sababu za kufikiria damu ndani ya fuvu. Tibu malaria kama kipimo kimeionyesha, lakini kipimo cha malaria hakizuii mtoto kuwa amepigwa vilevile.

Tumbo nalo huficha. Ngumi au teke hupasua ini au utumbo, na ngozi ikabaki safi. Mtoto anayetapika nyongo, tumbo limekaza, mapigo ya moyo yanakimbia, aonwe na daktari wa upasuaji.

Yanayofanana, na msiba wa London

Asiye na haraka ya kumshuku mzazi ni mtabibu bora. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya kijivu au buluu kiunoni na makalioni; hayaumi, hayavimbi, na hayabadiliki baada ya siku chache. Uliza kama yalikuwepo tangu kuzaliwa na utazame kadi. Chale za tiba ya asili ni ndogo, zimepangwa, na familia huzisema bila kusita. Mtoto mwenye selimundu huvimba mikono na miguu kwa maumivu makali bila kuguswa na mtu. Utapiamlo mkali humenya ngozi ikafanana na ya kuungua. Vidonda vya bakteria hufanana na vya sigara. Saratani ya damu, upungufu wa chembe sahani, hemofilia, na ukosefu wa vitamini K kwa mchanga ambaye hakuchomwa sindano alipozaliwa huleta damu kuvilia. Matege hudhoofisha mifupa. Kwa hiyo kila mtoto mwenye alama zisizoelezeka apimwe picha kamili ya damu na uwezo wa damu kuganda, vipimo vikiwepo. Ugonjwa ukipatikana, umemwokoa mtoto na umeiokoa familia.

Lakini hatari ya upande wa pili nayo ina jina. Victoria Climbié, binti kutoka Ivory Coast, alipelekwa London kulelewa na ndugu wa familia. Julai 1999 alifikishwa katika hospitali mbili kwa siku zilizokaribiana. Katika ya kwanza, daktari mwandamizi aliona alama mwilini mwake na akasema ni upele. Maelezo hayo yalishika, na wengine waliomwona baadaye wakayaegemea. Tarehe 25 Februari 2000 alifariki akiwa na umri wa miaka minane, na uchunguzi wa maiti ulihesabu majeraha na makovu 128. Ripoti ya Lord Laming ya Januari 2003 ilionyesha kwamba ziliwahi kutokea nafasi 12 za kumwokoa. Kumbuka hapo kwamba mtoto anaweza kuwa na upele na pia anapigwa. Kupata ugonjwa mmoja kusikuzuie kuendelea kutazama.

Namna ya kuuliza

Okoa uhai kwanza: njia ya hewa, pumzi, damu. Kisha mvue mtoto nguo zote kwa zamu, ukimfunika sehemu usiyoitazama, toka utosini mpaka nyayo, nyuma ya masikio, ndani ya midomo, kati ya makalio. Kwa mtoto mdogo fanya hivyo hata kama amekuja kwa kikohozi. Hilo likiwa desturi, hakuna mzazi atakayehisi ameteuliwa yeye.

Kwa mzazi, ongea kama unavyoongea na mtu uliyempokea nyumbani. "Mama, pole na safari. Nimeona alama hii nyuma ya sikio. Hebu nisimulie uliiona lini, na siku hiyo ilikuwaje." Kisha nyamaza umsikilize. Usimpe jibu kinywani kwa kusema "alianguka, eeh?" Uliza nani humlea mtoto mzazi akiwa kazini, nani alikuwa naye siku ile. Usikimbilie kumshuku dada wa kazi kwa sababu tu hana wa kumtetea. Mzazi akiuliza kwa nini vipimo vyote hivi, sema ukweli: "Kila mtoto mdogo mwenye alama kama hii tunampima hivi hapa kwetu."

Tafuta nafasi ya kuongea na mama peke yake, maana anayempiga mtoto pengine anampiga na mama. "Na wewe mama, nyumbani uko salama?" Swali hilo dogo hufungua mengi.

Mtoto anayeweza kuongea mchukue pembeni pamoja na muuguzi mwingine. Muulize, "Hapa kulitokea nini?" Usiulize, "Baba ndiye aliyekupiga, sivyo?" Usimwahidi siri, mwambie utawaeleza watu wachache wenye kazi ya kumlinda. Asipotaka kusema, mwache. Na usipime ukweli kwa machozi: yupo anayelia, yupo anayeganda kimya akifuata kwa macho kila mkono unaonyanyuka, na yupo anayemng'ang'ania huyohuyo aliyemuumiza, kwa kuwa hana mwingine.

Kalamu yako ni shahidi

Andika maneno ya mzazi na ya mtoto kama yalivyotamkwa, ndani ya alama za mtajo, pamoja na saa na jina la msemaji. Chora mwili mbele na nyuma, weka kila alama mahali pake na vipimo vyake kwa sentimita. Epuka maneno kama "mzazi mkatili"; andika "maelezo yaliyotolewa hayalingani na jeraha kwa sababu hizi." Ukipiga picha, iwe kwa utaratibu wa hospitali, na isiguse kundi lolote la WhatsApp. Mtoto aliyeumizwa nyumbani asiaibishwe tena kwenye simu za watu.

Hatua za usiku uleule

Shaka yenye sababu inatosha kuanza. Uthibitisho ni kazi ya wengine. Mwambie mkubwa wako wa zamu. Mlaze mtoto wodini hata kama jeraha ni dogo, kwa kuwa kitanda cha wodi ndicho ulinzi wa haraka ulio nao. Mwite Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali au wa halmashauri. Wasiliana na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na fomu ya polisi ya PF3 ijazwe kwa ukamilifu na kwa mwandiko unaosomeka. Lakini mtoto mahututi asisubirishwe matibabu kwa sababu ya karatasi. Zanzibar, na katika baadhi ya hospitali za bara, kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja. Uliza pia kuhusu ndugu zake waliobaki nyumbani, nao waonwe.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wajibu huo haumhusu daktari peke yake. Mwalimu anayeona mtoto akikaa upande upande kwa maumivu, jirani anayesikia kilio kilekile kila usiku, mjumbe, balozi, imamu, mchungaji, wote wamo. Namba 116 hupigwa bure Tanzania, na Kenya pia ina huduma ya watoto kwa namba hiyohiyo.

Wapo watakaosema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo inamtaka mzazi asiogope kumkanya mwanawe, na malezi bila kukanya kweli huharibika. Haikumtuma mtu avunje ubavu wa mtoto wala kumchoma mikono. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa kike na wa kiume walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Jambo lililoenea hivyo huzoeleka machoni, na jicho lililozoea halioni ufa.

Basi, ndugu yangu muuguzi, tabibu, daktari: usiku wa leo ukimfungua kanga mtoto mdogo na ukakuta alama isiyo na mwenyewe, usiruhusu foleni ikuharakishe. Mgeuze, mtazame nyuma ya masikio, uliza tena kwa upole, mlaze, piga simu. Ukikosea, familia itakuwa imekaa wodini usiku mmoja na mtoto atakuwa amepimwa damu. Ukinyamaza na ikawa kweli, mtoto huyo anaweza kurudi kwako akiwa hapumui.